Mtani wa Mzee Ngolo

Ninatangaza rasmi, mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, mbele ya wananchi wa Wilaya ya Kilosa na mbele ya mwalimu aliyenipa alama mbaya katika somo la Siasa, kwamba katika likizo hii ya Pasaka mimi, Beda, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nimewapatanisha wafugaji na wakulima. Ni jambo lililozishinda kamati nyingi zenye watu wazima na chai.

Amani hiyo ilidumu kuanzia supu ya asubuhi hadi pilau ya mchana.

Yaliyotokea baada ya pilau ndiyo yanayonifanya niandike leo nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kwa wale ambao wiki iliyopita walifungia maandazi gazeti hili kabla ya kulisoma, nawakumbusha kwa ufupi.

Shule ilifungwa. Nauli yangu ya kwenda kwetu Mbinga ilipotea katika mazingira niliyokwisha kuyaeleza, na sitayarudia kwa kuwa mama naye hupata gazeti. Rafiki yangu Maganga akanihurumia, akanichukua kwao Rudewa, ambako baba yake alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumaanisha mimi.

Tulipofika, Maganga alibaki nyuma akibishana na kondakta. Mimi nikatangulia. Kando ya zizi nikamwona mzee mmoja amevaa kaptura iliyochanika na makatambuga ya matairi. Nikamwambia, "Wewe, hebu nibebee hili tranka."

Akalibeba. Lilikuwa tranka la bati, limejaa vitabu nisivyokusudia kuvisoma. Alilifikisha mpaka mlangoni, akalitua, akajifuta jasho.

Ndipo Maganga akafika, akainama na kusema, "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Alikuwa ananitazama mimi, na mkononi alikuwa na fimbo.

Nikasema neno la kwanza lililonijia. "Mzee, mimi ni Mzaramo."

Hakuna asiyejua kwamba Mzaramo na Msukuma ni watani tangu babu zao walipokutana katika misafara ya kwenda pwani. Mtani akikubebesha mzigo, akikuita maiti, akila chakula chako bila kukaribishwa, hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Mzee Ngolo alicheka mpaka akakaa juu ya tranka.

"Mtani! Tangu nihamie huku sijapata hata mtu mmoja wa kunitukana! Watu wa huku wananichukia tu, basi. Jina lako nani?"

"Beda, mzee."

"Mzaramo gani anaitwa Beda?"

"Wa Pugu. Kwa mapadri."

"Ahaa."

Kwa kweli mimi ni Mmatengo. Kati ya Wamatengo na Wasukuma hakuna utani, hakuna ugomvi, na kwa kadiri nijuavyo hakuna hata salamu. Babu yangu alilima kahawa maisha yake yote bila kumwona Msukuma, na hakulalamika.

Kesho yake asubuhi nilikutana na mzee mlangoni, nikaanza kumwamkia. "Shika..."

Akainua fimbo. "Koma! Mtani wangu haniamkii. Siku utakayoniamkia nitajua utani umekufa."

Tangu hapo, kila asubuhi nilimwuliza kama bado hajafa na anangoja nini. Naye aliniuliza kama Wazaramo bado wanalala chini ya mnazi wakisubiri kifungua kinywa kiwadondokee. Kisha tulikunywa maziwa. Maganga, ambaye analijua kabila langu, alikuwa anatoka nje.

Wiki iliyopita tuliishia pale Mzee Ngolo aliponiita zizini akasema ana kazi ambayo ni mtani peke yake awezaye kuifanya.

Tuendelee.

"Kaa chini, mla nazi," mzee alisema. "Unajua Luhaga anaoa Jumamosi."

Luhaga ni kaka yake Maganga. Alikuwa palepale, anakamua ng'ombe, na masikio yake yote yalikuwa kwetu. Alikuwa anamwoa Devotha wa Mikumi, ambaye watu wake ni Wavidunda. Kwa Wavidunda baba huzaa, mjomba huamua. Baba yake Devotha alikwisha kufariki, kwa hiyo hata ile kazi ya kuzaa haikuwa na msemaji. Alibaki mjomba tu, Mzee Cleopa.

Mjomba Cleopa alikuwa na shamba la mahindi Kisanga. Mwezi wa pili ng'ombe wa Mzee Ngolo walipita Kisanga kutafuta malisho. Wakalipitia lile shamba. Walipomaliza kulipitia halikuwa shamba tena.

"Fidia nilitoa," mzee alisema. "Mbele ya watu, nilitoa. Lakini Cleopa anasema fidia si pole. Anataka neno la pole litoke kwangu, mlangoni kwake, siku ya harusi, ndipo Devotha atoke ndani."

"Si useme tu, mzee? Neno lenyewe fupi."

"Wewe kichwa chako kina maji ya dafu. Nikiinama mbele ya watu, kesho kila mwenye shamba kutoka Kisanga mpaka Ruaha atapanga foleni hapa. Kila bua likivunjwa na upepo, watasema ni Ngolo."

"Na usiposema?" Maganga aliuliza.

"Harusi hakuna."

Luhaga akaacha kukamua.

"Kwetu," mzee akaendelea, "jambo kama hili hulisemi mwenyewe. Unamtuma mtani. Mtani analisema, watu wanacheka, neno limefika, na hakuna aliyeinama. Shika fimbo yangu. Ukiwa nayo, kinywa chako ni changu."

Akanipa fimbo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

Maganga alikohoa. Nilipomtazama, alikuwa anawatazama ng'ombe.

Luhaga alinyanyuka na ndoo yake ya maziwa, akapita karibu yangu. "Beda," akasema, "nikirudi hapa bila Devotha, utanipikia wewe."

Tulipotoka zizini Maganga alinivuta kando. "Sema ukweli sasa. Bado mapema."

"Nitasema baada ya harusi."

"Baada ya harusi utakuwa umechelewa."

"Ndiyo maana nitasema wakati huo."

Maganga aliniangalia kama mwalimu wa zamu anavyoangalia dirisha lililovunjika. 

Ijumaa tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Kilosa, ambalo siku nyingine hubeba marobota ya mitumba. Mimi nilivaa suti. Siku hizi za ruksa ya mitumba hata mjukuu wa mkulima wa kahawa anaweza kuvaa suti, mradi asiulize mwenye nguo alikufa kwa ugonjwa gani. Ilikuwa kafa-ulaya safi, ya rangi ya udongo, na marehemu alikuwa na mikono mirefu.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi wakati wa masika si barabara. Ni matumaini. Lori lilizama kwenye tope, tukashuka wote kusukuma, isipokuwa Mzee Ngolo, aliyebaki juu akitoa maelekezo.

"Tia nguvu, mtani! Au unangoja nazi?"

"Msukuma ni wewe, mzee! Shuka usukume, mimi kabila langu haliniruhusu!"

Watu walicheka, lori likatoka. Mzee alinyoosha mkono akanivuta juu mwenyewe. Nilikuwa na tope mpaka magotini, na kwa kuwa suti ilikuwa ya rangi ya udongo, nilionekana kama nilivyopanda.

Jumamosi asubuhi tulikuwa mlangoni kwa akina Devotha, nyuma ya soko la Mikumi, si mbali na barabara kuu wanapolaza malori yanayokwenda Zambia. Watu walikuwa wengi. Padri alikuwa anasubiri kanisani. Devotha alikuwa ndani.

Mlangoni, kwenye kiti, alikaa Mjomba Cleopa. Ni mtu mfupi. Alikuwa amevaa koti la kaki na kunyoosha miguu yake kuvuka kizingiti, kwamba anayetaka kuingia amruke. Mkononi alishika bua moja kavu la muhindi.

Halikuhitaji maelezo.

"Hodi," nikasema.

"Karibuni hapohapo mlipo."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni mtani wa Mzee Ngolo. Nimeshika fimbo yake. Kinywa changu ni chake."

"Kifungue basi."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na maneno kama mustakabali na maelewano. Lakini nililitazama lile bua, na hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikageuka nyuma. Mzee Ngolo alikuwa anaangalia mawingu. Luhaga alikuwa amelowa jasho, tai yake imegeukia begani. Dirishani pazia lilisogea kidogo na shela jeupe likaonekana.

Wasomaji, nilifanya kitu pekee ninachokifanya vizuri bwenini. Nilipiga magoti, nikaweka mikono chini, fimbo nikaiuma kwa meno kama hatamu, kisha nikaitoa na kulia kama ng'ombe.

"Muuuuu."



Mama mmoja akasema, "Yesu na Maria."

"Mjomba Cleopa," nikasema, nikiwa bado na miguu minne, "mimi ndiye ng'ombe. Mwezi wa pili nilikula mahindi yako. Bwana wangu alinikataza. Nikamwambia, bwana, nimeonja ya Kisanga nzima, ya Cleopa ndiyo matamu. Tangu siku hiyo bwana wangu halali usingizi kwa aibu, na mimi sipati maji kwa amani. Nimekuja mwenyewe. Pole sana, mjomba. Nichape."

Mjomba Cleopa alinitazama. Akalitazama bua. Akainuka.

Akanichapa nalo mgongoni. "Hii ya mahindi."

Akanichapa tena. "Hii ya maharage yaliyokuwa katikati ya mahindi."

Niliruka kidogo, kama ng'ombe yeyote angeruka, na suruali ya marehemu ikachanika nyuma kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Na maboga yangu?" Mjomba Cleopa aliuliza, bua liko juu.

"Hayo ni mbuzi, mjomba. Mimi sijui kitu."

Uso wake ulianza kutetemeka. Akajaribu kuuzuia, ukamshinda. Alicheka mpaka bua likamdondoka, akacheka huku amejishika mlangoni, na akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akakivuta kiti pembeni.

Mzee Ngolo akasogea. Wakashikana mikono. Hakuna aliyetaja mahindi. Mmoja alisema mvua mwaka huu ni nzuri, mwenzake akasema kweli ni nzuri. Supu ikaletwa.

Mzee Ngolo aliniinamia sikioni. "Mtani, ukifa nitakulilia."

Hilo ndilo jambo jema kuliko yote niliyoambiwa mwaka huu, ripoti ya shule ikiwemo. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Nilifungua kinywa kabisa.

Kisha bakuli langu likafika.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Luhaga alijibu "ndiyo" kabla padri hajamaliza kumwuliza, padri akamwomba asubiri. Mimi nilisimama nimeegemea ukuta muda wote, kwa sababu mnazozijua.

Tulirudi nyumbani kwa pilau.

Nilikuwa nimeanza sahani ya pili niliposikia sauti kutoka jikoni. "Yuko wapi? Yuko wapi huyo Mzaramo mwenzangu?"

Akatokea mama mnene mwenye mwiko mkononi, khanga ameifunga kiunoni, moshi wote wa shughuli umo machoni mwake. Aliitwa Bi Joha. Ni mtu wa Kisarawe, aliletwa Mikumi na mume dereva, na hakuna shughuli hapo mjini isiyopikwa na yeye. Haya yote aliyasema mwenyewe kabla hajanifikia.

"Ndiyo wewe, mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wa wapi wewe?"

"Pugu, mama."

"Pugu ya wapi?"

"Ya juu."

"Kwa nani?"

"Kwa mapadri."

"Watu hawazaliwi na mapadri, mwanangu. Babu yako nani?"

"Alikufa zamani, mama. Hatukuambiwa vizuri."

Jirani yangu mezani aliacha kutafuna. Lakini Bi Joha hakuwa na shaka na mimi, na hilo ndilo lililonikosesha hamu ya nyama. Macho yalikuwa yamemlegea kwa furaha.

"Basi si neno. Niko hapa Mikumi mpaka nimeota mvi, sijamwona mtoto wa kwetu. Leo wewe na mimi tutawaaga hawa Wasukuma inavyotakiwa. Kula, ushibe, upate sauti."

Nikala. Nilikuwa natafuta njia ya kutokea, lakini mtu aliyechanika suruali hatokei popote haraka.

Wakati wa kuondoka ukafika. Lori likawashwa. Devotha akapandishwa mbele karibu na dereva, analia kama inavyompasa bibi harusi, huku anamchungulia Luhaga kuona kama wamempa kiti kizuri. Mzee Ngolo akapandishwa nyuma, juu ya gunia, kama mfalme. Mjomba Cleopa alisimama mlangoni kwake na mfupa wa ng'ombe mkononi, anautafuna taratibu, ameridhika.

Ghafla Bi Joha akajitupa mbele ya lori, mikono ameitanua.

"Halitoki! Halitoki hata kidogo! Sisi watani hatujapewa chetu! Kichwa cha ng'ombe kiko wapi?"

Mzee Ngolo alisimama juu ya gunia. "Nani huyo?"

"Mzaramo wa Kisarawe! Shuka hapo, mchunga kupe wee!"

"Mla nazi! Kichwa hupati, nitakupa mkia ujipepee!"

"Mkia ujifunge wewe shingoni, tukuuze mnadani!"

Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Mzee Ngolo alikuwa anafuta machozi. Alikaa miaka bila mtani hata mmoja, sasa alikuwa na wawili. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha namna ile. Naliandika hili ili mjue ukubwa wa kosa langu.

"Mwenzangu!" Bi Joha aliniita. "Njoo! Tuseme nao Kizaramo, wajue wamesimama mbele ya watu!"

Nikaenda. Mkono mmoja ulishika fimbo ya Mzee Ngolo, mwingine ulishika suruali.

"Anza wewe, kijana. Mimi nitaitikia."

Sijui neno hata moja la Kizaramo. Lakini aliyelelewa na bibi hakosi la kusema. Niliinua fimbo, nikajaza kifua, na kwa sauti nzito kama ya askofu nikatamka kwa Kimatengo sentensi ndefu kuliko zote ninazozijua, ile ambayo bibi yangu huisema akitoka nje mchana.

Wasukuma wakashangilia.

Bi Joha hakuitikia. Mwiko ulishuka taratibu mpaka ukagusa khanga yake.

"Rudia," akasema kwa sauti ndogo.

Sikurudia. Kutoka kwenye benchi la wageni wa kanisa mtu mmoja alikuwa ameruka juu. Ni Sista Selestina, anayefundisha kwaya. Alikuja mbio, mikono juu, machozi yanamtoka.

"Mtoto wa nyumbani! Mmatengo! Jamani, mtoto wa nyumbani!"

Akanikumbatia. Nilishindwa hata kuomba anyamaze. Akawageukia watu, uso unang'aa, akawatafsiria bila kuombwa. "Amesema, 'Kuku wamemaliza ulezi, wafukuzeni!' Bibi yangu alisema hivyohivyo! Wewe wa kwa nani, mwanangu? Mbinga ipi?"

Hakuna aliyecheka. Dereva akazima injini.

"Huyu si Mzaramo," Bi Joha alisema. Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Mwanangu, mbona umenifanya hivi?"

Sista Selestina akaniachia. Akatazama huku na huku, akaelewa kwamba amevunja kitu, ila hajui ni kipi.

Mjomba Cleopa aliuweka mfupa kwenye sahani. Akajifuta vidole, kimoja kimoja.

"Ngojeni kwanza. Wamatengo na Wasukuma wana utani?"

Watu walitazamana.

"Hawana," Sista Selestina alisema, kwa kuwa ni mtawa na hawezi kusema uongo.

"Basi pale asubuhi ile fimbo aliishika kama nani?"

Akainyooshea kidole fimbo niliyoishika.

"Kama si mtani, kinywa chake hakikuwa cha Ngolo. Na kama hakikuwa cha Ngolo, Ngolo hajasema kitu. Nimemchapa mwanafunzi wa watu, nikacheka kama mjinga, nikaondoa kiti changu mlangoni bure." Akakivuta kile kiti, akakirudisha palepale kilipokuwa. "Devotha. Shuka."

"Mjomba, nimeshafunga ndoa."

"Umefunga kanisani. Kwangu hujatoka. Shuka, mwanangu."

Devotha akashuka. Sasa hakuwa analia kwa kupaswa. Shela likanasa kwenye mlango wa lori. Luhaga akalinasua, halafu akabaki amelishika upande mmoja, hajui aliachie au alivute. Macho yake yalinifikia kwa juu ya bega la Devotha. Hakusema habari ya kupikiwa.

Kisha Mzee Ngolo akateremka. Alishuka polepole, makatambuga yakitafuta pa kukanyaga, na Maganga alipotaka kumshika mkono alimsukuma. Hakumwendea Mjomba Cleopa. Alikuja kwangu.

"Mtani," akasema. Akasita. Akatafuta neno jingine. "Kijana."

"Mzee."

"Yale uliyokuwa unaniambia kila asubuhi. Kwamba nangoja nini sifi. Kwamba ng'ombe wangu wananizidi akili. Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu ni utani."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa kumbe yalikuwa nini?"

Shuleni nimejibu maswali mengi nisiyoyajua, na mara nyingine nimepata. Hili halikuwa la kubahatisha. Nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kunyamaza.

"Mzee, mimi ni Mmatengo. Siku ile sikukujua. Nilikuona na kaptura na makatambuga nikadhani ni mchungaji wa kuajiriwa, nikakubebesha tranka. Ulipoishika fimbo niliogopa. Maganga hana kosa, aliniambia niseme mapema. Asubuhi ulipoahidi kunililia nilitaka kusema, supu ikaja, nikala. Mama Joha, sijawahi kufika Pugu. Mjomba, pole niliyokupa haikuwa ya mtu. Niliitunga mimi pale chini. Mahindi matamu nimeyatunga. Hata lile la mzee kutolala usingizi kwa aibu, nimelitunga."

"Hilo hukulitunga," Mzee Ngolo alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo sana. Mimi nililisikia, kwa kuwa nilikuwa karibu. Kama Mjomba Cleopa alilisikia pale kwenye kiti chake, sijui. Sikuthubutu kugeuka.

Mzee akanyoosha mkono. Nikampa fimbo yake. Hapo nikabaki sina kitu mkononi isipokuwa suruali, na suruali nayo nikaiachia. Nikainama mpaka chini, mbele ya Wasukuma na Wavidunda wote, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwamkia, ingawa alikwisha kuniambia siku hiyo utani utakuwa umekufa.

"Shikamoo, mzee."

Hakuna aliyesogea. Devotha na Luhaga walikuwa wamelishika shela, huyu upande huu na yule upande ule. Bi Joha alikuwa ameukumbatia mwiko. Hata Mjomba Cleopa, nadhani, alikuwa anasubiri jibu la mzee.

Nilibaki nimeinama, naangalia yale makatambuga. Hayakuondoka. Wala marahaba haikuja.